Futi Nane za Njia Yetu

Kilichonijulisha kwamba kijiji chetu kinageuka mji ni makufuli.

Nina duka la vifaa vya ujenzi huku wilaya ya Wakiso, ng'ambo ya barabara ya Northern Bypass ukitokea Kampala. Nilipolifungua mwaka 2008 wateja wangu walikuwa watu wa nyumba moja moja. Fundi anakuja na karatasi iliyokunjwa mfukoni, anataka saruji, nondo, misumari, waya wa kufungia, na mwisho kabisa, miezi sita baadaye, vitasa vinne vya milango. Kisha, miaka mitatu hivi mbele, oda zikabadilika sura. Mtu ananunua makomeo 12, makufuli 12, bawaba dazeni mbili, na rangi ndoo moja tu. Ukisikia oda kama hiyo ujue hapo hapajengwi nyumba, panajengwa mizigo.

Msomaji aliye nje ya Uganda asidhani nazungumzia mabegi. Muzigo kwetu ni chumba kimoja cha kupanga, futi 10 kwa 10 au 10 kwa 12, mlango mmoja, dirisha moja, katika safu ya vyumba vinavyofanana. Mbele kuna baraza jembamba la kuwekea sigiri. Choo na bafu viko nyuma, vya watu wote. Ni makazi ya wengi walio katika mji huu: fundi, mwalimu anayeanza kazi, muuza mitumba, kijana wa boda boda, mama na watoto wake watatu. Siwabezi wanaoijenga wala wanaokaa humo. Mimi mwenyewe nilipotoka Jinja nilikaa muzigo miaka mitano, na mwanangu wa kwanza alizaliwa humo.

Ninachotaka kusema ni kwamba tulikuwa tunahesabu kitu kisicho sahihi. Kwenye vikao vya kijiji tulikuwa tukisema, "hapa tuna nyumba kadhaa." Dalali alisema, "hapa kuna ploti kadhaa." Hakuna aliyesema tuna milango mingapi. Ploti iliyokuwa na nyumba moja ya watu sita ikawa na milango minane, na kila mlango una familia yake, ndoo zake za maji, taka zake, watoto wake wa kwenda shule. Njia ya mbele ya ploti hiyo haikupanuka hata inchi moja.

Mei 2024 ilipofika sensa, mimi kama katibu wa LC1, yaani baraza la kijiji, nilikuwa mmoja wa waliowaongoza makarani kijijini. Walikuja na vishikwambi vyao, vijana waungwana, wakaanza saa tatu asubuhi. Nikawaambia, "Wanangu, saa tatu hapa mtahesabu makufuli. Watu wameondoka saa kumi na moja alfajiri." Tukarudi jioni. Kuna chumba kimoja tulimkuta kijana amekaa kitandani anafunga kamba za viatu, tayari kwenda lindoni. Karani akamuuliza wanaishi wangapi humo. Akasema wawili. Karani akatazama kitanda, kimoja, chembamba. Kijana akaeleza bila haya: yeye ni mlinzi wa usiku, mwenzake ni fundi, anafanya kazi mchana. Mmoja akitoka, mwingine analala. Godoro halipoi. Karani aliandika wawili, nasi tukasonga mlango wa pili.

Takwimu kubwa za sensa zinajulikana, lakini ukizisoma ukiwa umesimama kwenye njia yetu zinakuwa na sauti nyingine. Mwaka 2002 Wakiso ilikuwa na watu wapatao 908,000. Mwaka 2014 ikakutwa karibu na milioni 2. Mwaka 2024 ikapita milioni 3.4. Kampala yenyewe, katika miaka hiyo 22, ilitoka karibu milioni 1.2 ikafika chini kidogo ya milioni 1.8. Maana yake watu wanaosema "nakwenda Kampala kutafuta kazi" wanalala kwetu. Nchi nzima inakua kwa asilimia 2.9 kwa mwaka, na hiyo peke yake ni kasi ya kutisha. Wakiso iliongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miaka 12 ya kwanza. Hakuna kijiji kinachoweza kusema kilishtukizwa. Sisi tuliwaona wanakuja, tukawauzia saruji.

Nimezaliwa kambini Jinja. Baba alikuwa askari, na kambini lugha ya uani ilikuwa Kiswahili, kwa sababu mama mmoja anatoka Arua, mwingine Kitgum, mwingine Tororo, na wote wanachota maji bomba moja. Hadi leo biashara yangu ni ya Kiswahili: madereva wanaoleta saruji kutoka Tororo, mafundi kutoka Busia, wapangaji Wakongo wanaokuja kununua balbu na waya. Nalitaja hili kwa sababu nilipokuwa mtoto tulikuwa tunatoka kambini kwenda kucheza mpira Walukuba, mtaa wa wafanyakazi uliojengwa zama za mkoloni, Jinja ilipokuwa inakuwa mji wa viwanda, miaka ile ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Sisemi mkoloni aliwapenda wafanyakazi wake. Vyumba vilikuwa vidogo na familia zilibanana. Lakini kati ya safu na safu paliachwa nafasi. Nilipokwenda kumzika mjomba wangu huko, mabati ya nyumba nyingi yalikuwa yamekula kutu, kuta zimepasuka, na gari lililobeba jeneza liliingia mpaka mlangoni. Nilirudi nyumbani na picha hiyo kichwani. Kijijini kwetu, miezi michache kabla, tulimbeba jirani yetu begani karibu mita 200, wabebaji wakipita mmoja mmoja penye kona, jeneza limeinamishwa upande, kwa sababu hakuna gari lililoweza kuingia.

Nyumba mbovu unaweza kuibomoa ukajenga nyingine. Duka langu nimelijenga mara mbili. Lakini njia ambayo haikuachwa siku ya kwanza, kuipata baadaye ni vita, na vita hivyo nimevipigana.

Mwaka 2018 tulipiga kura za LC1 kwa mara ya kwanza tangu 2001, watu wakapanga foleni nyuma ya mgombea wao, na mimi nikatoka mle katibu wa kijiji. Kazi ya kwanza mwenyekiti aliyonipa ilikuwa ni malalamiko ya njia. Nikakaa usiku mmoja dukani, nikararua mfuko wa saruji, nikaugeuza upande usioandikwa, nikaanza kuchora. Nilitaka kujua hizi futi 8 za njia yetu zilitoka wapi. Nani aliamua 8? Kwa nini si 10, kwa nini si 20?

Hesabu ikanijibu, na jibu lake liliniuma. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ikiwa ni mraba, kila upande una futi 208 na ushee. Huku kwetu kila mnunuzi anataka "50 kwa 100", ndiyo lugha ya soko, ukimpa kipimo kingine anadhani unamwibia. Basi mwenye shamba anakata safu mbili, kila safu viwanja vinne. Safu mbili za futi 100 zinameza futi 200. Katikati zinabaki futi 8 na ushee. Hiyo ndiyo njia. Hakuna aliyeamua. Ni makombo ya hesabu. Upande wa pili wa ekari nako zilibaki futi 8, na hizo zikaishia kwenye michongoma ya majirani, hazikumfaa mtu.

Nikageuza mfuko upande mwingine, nikachora upya. Nikaanza na njia: futi 20 katikati, kwanza kabla ya kitu kingine. Zikabaki futi 188 na ushee, nikagawa mara mbili: kila kiwanja kina urefu wa futi 94 na ushee. Upana, zile futi 208 nikazigawa kwa nne, hakuna kilichopotea kwenye michongoma: futi 52 na ushee. Viwanja ni vilevile vinane. Kila kimoja kina futi za mraba zaidi ya 4,900 badala ya 5,000. Tofauti haifiki hata futi 80 za mraba. Ni pungufu ya muzigo mmoja. Kwa kipande kisichotosha chumba kimoja, kila mmoja wetu angekuwa na barabara ambayo lori linapita na gari dogo linapishana nalo, na mwenye kuuza angepokea pesa ya viwanja vinane kama alivyopokea.

Najua ardhi haiji ikiwa mraba. Ina kilima, ina mti wa watu, ina kaburi la babu. Lakini nimechora hivyo kwenye viwanja vya sura nyingi tangu siku ile, na karibu kila mara hasara ya kuanza na njia ni ndogo kuliko watu wanavyoiogopa.

Sasa niseme njia ya futi 8 inafanya nini, maana mtu asiyeishi hapo hufikiri ni suala la foleni na vumbi tu.

Jambo lenyewe ni choo. Milango 14, choo cha shimo chenye matundu mawili. Shimo linajaa kwa mwaka mmoja na nusu, na bondeni, maji yakiwa karibu, linajaa upesi zaidi, kwa kuwa huwezi kuchimba ndani sana. Likijaa unaita gari la kunyonya choo. Gari hilo lina upana wa futi 8, sawasawa na njia. Likijaribu kuingia linasimama kwenye kona ya kwanza, dereva anashuka, anatazama, anarudi nyuma. Anakuambia ana bomba la kufika umbali fulani na zaidi ya hapo pampu haivuti. Walio karibu na barabara kuu wananyonyewa. Walio ndani hawanyonyewi. Basi walio ndani wanafanya nini? Wanasubiri mvua. Machi inapofika, au Septemba, usiku wa mvua kubwa, unasikia nyundo. Mtu anatoboa ukuta wa shimo upande wa chini, anaachia. Asubuhi mtaro unanuka, kila mtu anajua, hakuna anayesema, kwa sababu kila mtu amefanya au atafanya.

Mtaro ule unashuka kwenye chemchemi. Tulipohamia tulikunywa maji yale, baada ya kuchemsha, na yalikuwa mazuri. Watoto walikuwa wanatumwa na madumu, wanakaa kwenye foleni wakicheza. Sasa tumeziba kwa mbao. Lakini siku bomba linapokatika, nimeona mbao zimeondolewa na madumu yamepangwa. Mwaka mmoja watoto watano wa safu moja waliharisha wiki moja. Nani wa kumlaumu? Mwenye choo hakuwa na pa kupitisha gari. Niliyeuza matofali na saruji ya ukuta uliobana kona ni mimi. Hilo linanisumbua mpaka leo, na ndilo lililonifanya nisikatae ukatibu.

Moto nao ulitufika, mara moja. Vyumba vitatu, mshumaa, watu walitoka salama. Gari la zimamoto lilifika barabara kuu, taa zake zikamulika ukuta wa duka langu, halikuweza kuja mbali zaidi. Tulizima kwa madumu na mchanga wangu wa kuuza. Cherehani ya mama mmoja iliungua.

Tukaitisha kikao. Tulikaa chini ya mfenesi wa Jjajja, ndivyo tunavyomwita mzee wetu, ambaye familia yake ndiyo iliyokuwa na shamba lote hili, migomba na kahawa, kabla yetu. Alikuwa ameuza kipande baada ya kipande, cha karo, cha hospitali, cha msiba. Hapa inabidi nieleze kidogo. Ardhi ya Buganda, ambako kijiji chetu kipo, sehemu kubwa ni mailo, mfumo uliotokana na mkataba wa Buganda na Waingereza wa mwaka 1900. Mwenye hati ni mmoja, anayekaa na kulima kwenye kibanja ni mwingine, na sheria ya ardhi ya mwaka 1998 inawatambua wote wawili. Udongo mmoja una wenyewe wawili. Jjajja alituuzia kibanja. Mwenye hati anaishi mbali, tulikwenda kwake baadaye mmoja mmoja kutafuta hati zetu. Hakuna kati yao aliyejiona kuwa ndiye wa kuacha barabara. Aliyeuza aliuza alichokuwa nacho, na mwenye hati alikuta sisi tumeshajenga.

Mwenyekiti akafungua kikao kwa sala, kisha nikasimama na mfuko wangu wa saruji. Nikaeleza: kila mtu arudi nyuma futi 4, pande zote mbili, tutapata futi 16. Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja mwenye nyumba nzuri ya vigae akasema serikali ndiyo inayopaswa kutengeneza barabara, na ikichukua ardhi ilipe. Ana haki. Katiba yetu, ibara ya 26, inasema mali ya mtu haichukuliwi kwa lazima mpaka alipwe fidia ya haki na kwa wakati. Lakini nikamwambia nilichojionea: katapila linakwenda kule ambako watu wamekwisha kuachia njia wenyewe, kwa sababu pesa ya barabara ikiishia kwenye fidia hakuna kinachobaki cha kuweka murram. Tukisubiri kulipwa, tutasubiri na wajukuu.

Ndipo Jjajja akainua mkono. Alizungumza Kiganda, taratibu, akitazama mikono yake. "Leo mnaniuliza njia," alisema. "Mlipokuja kununua mliniuliza bei tu. Hata mmoja hakuniuliza njia. Mimi ningewapa. Ardhi ilikuwepo."

Watu walinyamaza kwa muda mrefu. Mimi niliketi chini.

Aliyefuata ni Hajji, Mnubi wa Bombo, dereva mstaafu wa jeshi, mwenye ile milango 14. Choo chake kilisimama ukingoni kabisa mwa njia. Nilikwenda kwake kesho yake peke yangu, baada ya sala ya alasiri, maana mambo ya choo cha mtu hayasemwi hadharani.

"Katibu," aliniambia, "kile choo nilikijenga kwa pesa ya pensheni. Ukikivunja, watu wangu waende wapi asubuhi?"

"Hajji, hakuna anayevunja kesho. Tunaomba kwanza tujue mpaka wako uko wapi."

"Mpaka naujua."

"Basi twende ukanionyeshe, mzee wangu."

Tukatoka na tepu. Nilishika mwanzo, yeye akaenda na mwisho, akiinama kwa shida. Kwa mujibu wa mkataba wake wa mauzo, ulioandikwa kwa kalamu na kupigwa muhuri wa LC, ploti yake iliishia futi 2 kabla ya choo. Alisimama pale akiitazama namba kwenye tepu kwa muda, akaipima tena mwenyewe kutoka upande wa pili. Kisha akaniambia, "Kijana wangu, fundi alikuja na kamba. Mimi nilikuwa safarini Gulu." Hakusema zaidi. Baada ya wiki mbili akaniita tukahesabu tofali za choo kipya, upande wa ndani, chenye matundu matatu. Nilimpa saruji kwa bei niliyonunulia. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba upanuzi wa njia hauji kwa hotuba. Unakuja kwa mtu mmoja mmoja, mlango kwa mlango, na kuna gharama ambayo lazima mtu aibebe, na ni vizuri ibebwe na zaidi ya mmoja. Kijana wa nyumba ya vigae, alipoona Hajji amebomoa, alibomoa ukuta wake bila kuambiwa.

Ilituchukua mwaka na miezi. Leo njia ina futi 16 mahali pengi. Gari la kunyonya choo linaingia, na huo ndio ushindi ninaojivunia kuliko chochote nilichofanya maishani nje ya kulea watoto. Lakini kuna ploti moja mwenyewe alifariki, watoto wake wako kyeyo, vibarua vya nchi za nje, wawili hawasemezani, na hakuna mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Ukuta wake umebaki pale pale. Njia inakuja pana, inafika pale inakuwa futi 9, kisha inapanuka tena. Nyumba 11 ziko nyuma ya ukuta huo.

Nimejifunza pia kwamba njia ndiyo ya kwanza lakini si ya mwisho. Kuna vitu vingine ambavyo hakuna anayevinunulia ploti kwa kuwa si vya mtu: shule, mahali pa taka, mtaro, makaburi, uwanja wa watoto. Kiteezi si mbali nasi. Lile jalala la Kampala lilianza huko mwaka 1996. Makazi yakasogea mpaka chini ya mlima wa taka, na Agosti 2024 mlima ukaporomoka, watu zaidi ya 30 wakafa. Nilikwenda siku ya pili, kuna mteja wangu alikuwa anatafuta dada yake. Sitaki kuandika nilichokiona. Nasema tu kwamba taka zina makazi yao, na mkizisahau kwenye mpango zitachagua mahali zenyewe, na watu maskini watakuwa karibu nazo. Vilevile maji. Bonde lenye mafunjo ni mahali maji yanapolala. Ukijenga hapo mvua itarudi kudai kitanda chake. Mwaka 2024 nyumba zilibomolewa Lubigi kwa kuwa zilikuwa kwenye ardhi oevu. Familia zilizobomolewa nazo zilikuwa na makaratasi ya kununua, yenye mihuri. Inaniuma kwa sababu nimegonga mihuri. Siku hizi mtu akiniletea mkataba wa ploti ya bondeni naiuliza kwanza miguu yangu: nakwenda kusimama hapo. Kama kuna magimbi yanastawi kiangazi, sigongi.

Sheria ya mipango ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, kila kilima na kila bonde. Kwa hiyo kisheria, kijiji chetu kilikuwa ndani ya mpango wakati kilipokuwa kinajazana. Siiti hiyo sheria bure. Imenisaidia sana kuongea na watu, naonyesha ukurasa. Lakini mpango unaofika baada ya ukuta ni mpango wa kubomoa, na hakuna anayeupenda. Unaotakiwa ni ule unaomkuta dalali bado ameshika kamba.

Mwaka jana nilipata bahati ya kumkuta dalali bado ameshika kamba. Kilima cha pili baada ya chetu kulikuwa na shamba la kahawa, ekari tatu, warithi wameamua kuuza. Mpima ardhi alikuwa binti mdogo, hodari. Nilisikia habari dukani, kwa sababu walikuja kununua vigingi. Nikafunga duka, nikapanda boda boda na mfuko wangu wa saruji uliochorwa, ambao sasa umeshaliwa na mende pembeni. Nikawaomba warithi dakika kumi.

Kaka mkubwa alisikiliza akiwa ameweka mikono nyuma. Aliogopa kitu kimoja: wanunuzi watakataa, kwa sababu si 50 kwa 100. Binti wa vipimo akapiga hesabu yake kwenye simu, akasema, "Kaka, viwanja havipungui." Alirudia mara mbili. Dada yao, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza kama inawezekana kuacha na kipande cha kona, pale palipo na mti wa mvule, watoto wa watu watakaohamia wawe na pa kuchezea. Hicho hakikuwa kwenye mfuko wangu. Hicho kilitoka kwake. Walibishana wenyewe kwa wenyewe, na hawakukubaliana siku ile. Kiwanja kimoja ni pesa nyingi, na wana mama mgonjwa.

Njia ilikubaliwa. Futi 20. Niliona vigingi vikipigwa chini, pande mbili, na kamba nyeupe imevutwa katikati ya mikahawa. Tulitembea juu yake, mimi na yule binti, ubavu kwa ubavu, mikono imenyooshwa, na hatukugusana wala kugusa mti.

Mnunuzi wa kwanza alifika Jumamosi iliyofuata na mke wake. Mkewe ana mimba kubwa. Alipoambiwa kipimo akakunja uso, akamgeukia dalali, "Mbona 94? Mimi nataka 50 kwa 100." Dalali akanitazama. Nikatoa tepu mfukoni, nikampa mume mwisho wake, nikamwambia atembee nao kuvuka njia mpaka kigingi cha pili, ajionee.